Dang'a ya Majirani

Nikiwaambia watu kwamba nilikuwa daktari wa mifugo wa mashambani, huniuliza mashamba ya wapi. Nikitaja Kawangware na Kibera, hucheka. Wajukuu zangu ndio hucheka zaidi. Mmoja aliwahi kuniambia, "Babu, wacha mchezo. Huko ng'ombe zilikuwa zinakula nini, mabati?" Mimi hukasirika, maana nina hasira za karibu na sijazificha kwa mtu. Kisha hasira zikishuka, nafumba macho na kuanza kuona majani.

Naona Kawangware asubuhi, ukungu umelala juu ya migomba na mahindi, na ng'ombe wamesimama ndani yake hadi tumboni kama wanaovuka mto. Naona moshi wa jikoni ukitoka chini ya mapaa na kujichanganya na ukungu huo hadi hujui kipi ni kipi. Nasikia ndoo, nasikia kikohozi cha mzee anayefungua lango la miti. Upande wa Kibera naona nyumba zilizoachana, kati ya nyumba na nyumba uwanja, na kwenye uwanja mbuzi, kuku, na hapa na pale ng'ombe wa maziwa amefungwa kivulini. Reli ilipita Laini Saba, na pembeni mwa reli ng'ombe walikula majani. Treni ikija walinyanyua vichwa, ikipita wakarudi kula. Tangu nistaafu huota sana, na siku nyingine sina hakika ni kipi nilikiona kwa macho na kipi kimeongezwa na usingizi. Majani lakini yalikuwepo. Hilo sitabishana na mtu.

Nilianza kazi miaka michache baada ya uhuru. Ofisi ilinipa pikipiki na sanduku la dawa, nikawa natembelea Kawangware asubuhi na Kibera baada ya chakula cha mchana. Wenye mashamba wa Kawangware walikuwa wazee wa kanisa, watu wa koti na kofia hata wakienda zizini, na waliniita "ndagitari", yaani daktari. Huko huwezi kumtibu ng'ombe ukaondoka bila chai. Ukiondoka bila chai umemtukana mwenye boma, mkewe, na ng'ombe mwenyewe. Nilikunywa chai nyingi katika kazi hii kuliko maji. Halafu nilivuka barabara kubwa, nikapita kando ya msitu ambako hewa ilikuwa baridi na nyani walikaa njiani wakinitazama bila haya, nikashuka Kibera.

Kibera kulikuwa na nyumba moja niliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa upande wa Sarang'ombe, nyumba pana ya udongo kama walivyojenga Wanubi, yenye mabati yaliyoshika kutu na baraza lililofagiliwa hadi likang'aa. Mwenye nyumba alikuwa mjane, binti wa askari wa Kisudani ambaye Wazungu walimleta kuwapigania kisha wakamwachia kipande cha msitu. Watu wote walimwita habuba, yaani bibi. Nami nilimwita hivyo, ingawa mwanzoni hakuwa mzee wa kuitwa bibi.

Mumewe alimwachia ng'ombe mmoja, mweusi mwenye mabaka meupe, na neno moja. Neno lenyewe mume alimwachia mdogo wake, shemeji wa habuba: ng'ombe akiwa hai, uwanja usijengwe. Mdogo mtu alikubali akiwa amemshika mgonjwa mkono. Wakati ule lilikuwa jambo jepesi kulikubali, kwa sababu viwanja vilikuwa vingi na wapangaji wachache. Baadaye watu walianza kuja mjini kutafuta kazi, na kila mwenye uwanja akainua kuta na kuezeka vyumba. Shemeji huyu alikuwa na watoto wengi, na uwanja ule wa kaka yake alikuwa anautazama tu. Hakuwa mtu mbaya, nataka nieleweke. Alikuwa mtu aliyesubiri, na kusubiri kulimchosha.

Habuba alimpenda yule ng'ombe waziwazi, bila kuona aibu. Alimsemesha Kinubi, akamkosoa, akamsifia. Ng'ombe alipozaa alimfukizia ubani kama mzazi wa watu, akizunguka naye na chetezo mpaka uwanja mzima ukanukia. Halafu alikamua dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, akaipika na sukari na iliki mpaka ikaganda, akaitia kwenye vibakuli na kuvifunika kwa kawa za rangi alizosuka mwenyewe. Dang'a haikuuzwa. Iligawiwa kila nyumba ya njia ile, kwa sababu kila nyumba ya njia ile ilikuwa imemvumilia huyo ng'ombe akila mboga zao na kulia alfajiri. Kuruka nyumba ilikuwa sawa na kuiambia kwamba haipo.

Mara ya kwanza nilipoitwa kwake ilikuwa alasiri. Jirani mmoja alinikuta kwa mtu mwingine nikitibu mbuzi, akaniambia nikimbie, ng'ombe wa habuba anakufa. Nilipofika niliona kitu ambacho hata leo hunijia kikiwa kimya kabisa, kama kimetokea ndani ya maji. Ubani ulikuwa umetanda uwanjani. Wanawake walikaa kwenye mikeka wamejifunika kanga. Ng'ombe alilala katikati, shingo ameikunja na kichwa amekilaza ubavuni, macho wazi na hayaoni. Kando ya kichwa chake alichuchumaa shemeji, na mkononi alikuwa na kisu kilichofungwa kitambaa cheupe.

"Daktari, hii ng'ombe imeenda," aliniambia. "Wacha nichinje mapema. Ikikufa yenyewe ni kibudu, hakuna mtu hapa atakula. Tutakosa yote."

Alisema kweli. Kwa Waislamu ng'ombe aliyekufa bila kisu ni wa kuzikwa, na habuba angebaki bila ng'ombe na bila nyama. Lakini kisu kile kingekata na neno la marehemu pia, na watu wote pale walilijua hilo. Habuba hakumtazama shemeji. Alinitazama mimi.

"Sema wewe," alisema. "Ukisema achinjwe, achinjwe."

Nikapiga magoti. Nilishika masikio, yalikuwa baridi. Pua ilikuwa kavu. Moyo ulikuwa unapiga kwa mbali, mbio na bila nguvu. Nikamuuliza habuba alimkamua vipi, akanionyesha vibakuli vilivyorudishwa na majirani, vimesafishwa na kupangwa barazani kwa fahari. Alikuwa amemkamua mpaka tone la mwisho ili njia yote ipate. Nikaelewa, na sijui kwa nini nilitaka kucheka na kugomba kwa pamoja. Ugonjwa huo huitwa homa ya maziwa, na jina lenyewe linadanganya, maana mgonjwa hana homa hata kidogo. Ng'ombe wa maziwa mengi akizaa, madini ya damu yake hukimbilia kwenye kiwele. Ukimkamua maziwa yakaisha, damu inabaki tupu, misuli inalala, na mwisho moyo nao unalala. Ukarimu wa habuba ndio uliomwangusha ng'ombe wake.

"Kisu kikae," nilisema.

"Na ikikufa?" shemeji akauliza.

"Kikae karibu, lakini kikae."

Nikatoa chupa ya dawa, nikaining'iniza mkononi mwa mwanamke mmoja mrefu, nikaingiza sindano kwenye mshipa wa shingo. Dawa ile haitaki haraka. Inashuka polepole, na wewe umeweka sikio kifuani mwa mgonjwa unasikiliza, kwa sababu ikiingia kwa kasi inausimamisha moyo uliokuja kuuponya. Nililala vile kwenye ubavu wa ng'ombe, nikanusa ubani na maziwa, na nadhani kwa kitambo kidogo sikuwa Kibera wala mahali popote. Moyo ulikuwa unapiga pembeni mwa sikio langu na dunia yote ilikuwa hapo. Kisha ngozi ikaanza kutetemeka. Ng'ombe akacheua. Vitone vya maji vikatokeza puani. Akajikunjua shingo, akatutazama kwa mshangao wa mtu aliyeamshwa na wageni, akainuka kwa miguu ya nyuma, akayumba, akasimama, akakojoa.

Wanawake walipiga vigelegele. Shemeji alifungua kitambaa, akakifunga tena, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya kawaida, na naamini aliisema kwa moyo. Mimi nilijifanya nafunga sanduku ili nisionekane uso. Katika kazi yangu sijapata furaha nyingine kama ile. Unamwinua mnyama mzito kutoka kaburini kwa chupa moja, na anakukojolea viatu.

Siku ile nilimkalisha habuba chini na kumwambia kinagaubaga. Asimkamue maziwa yakaisha siku za mwanzo. Akamue kidogo, amwachie ndama, amwachie na kiwele chenyewe. Alifikiri, akasema, "Njia yetu haina nyumba nyingi. Leo nitawapa wa upande huu, kesho wa upande ule." Akafanya hivyo. Mzao uliofuata alinyoosha ugawaji kwa siku kadhaa, kila upande kwa zamu yake, na ng'ombe hakuanguka. Uliofuata pia. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimemfunza mtu.

Sikuiangalia njia yenyewe. Miaka ile ya sabini ilikuwa inapita na Kibera ilikuwa inajaa, lakini mtu anayepita kila wiki haoni. Nyumba iliyokuwa na familia moja ikawa na vyumba pande zote, kila chumba na mlango wake, kila mlango na viatu nje. Watu walitoka kila upande wa nchi. Majani yaliondoka bila kuaga. Habuba akawa anafuata nyasi pembeni mwa msitu, na nyua za miti za mtaa wa Ayany zilipopunguzwa aliomba matawi. Mimi nilianza kumletea majani ya tembo, yale marefu ya kulishia ng'ombe, kutoka Kawangware, nimeyafunga nyuma ya pikipiki, watu wakinicheka njia nzima. Mzee mmoja wa huko, mwenye shamba zuri na hotuba ndefu, ndiye aliyenipa. "Ndagitari, chukua," alikuwa akisema, "hata hiyo ng'ombe ya Kibera ni kiumbe cha Mungu." Ng'ombe wa habuba alikuwa hatoki tena. Uwanja wake ulikuwa ndio kipande pekee kilichobaki wazi, na alasiri jua likiingia pale watoto wa vyumbani walikuja kukaa tu kwenye mwanga, karibu naye, bila kucheza. Yeye alikuwa amelala anacheua na vumbi linaelea juu yake likiwa la dhahabu. Nikifika nilizima pikipiki mbali ili nisiliharibu jambo hilo.

Ng'ombe alipokaribia kuzaa tena nilikwenda kumkumbusha habuba. Nilimkuta barazani anasuka kawa mpya, na pembeni ana rundo la vibakuli vya plastiki. Nikamuuliza vya nini.

"Vya wapangaji," alisema.

"Habuba, hawa si majirani zako. Wengine wamekuja mwezi uliopita. Hata dang'a hawaijui. Wape wale wa zamani."

"Wanamsikia ng'ombe akilia alfajiri?"

"Wanamsikia."

"Basi ni majirani."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia dang'a ni ya siku chache tu, haiwezi kunyooshwa mpaka mwisho wa mtaa wote huu, kwamba ng'ombe huyo sasa ni mzee na kila mzao unamsogeza karibu zaidi na kuanguka. Nikamwambia, "Utamuua, na ukimuua unajua nini kitafuata hapa." Nikaonyesha uwanja kwa mkono. Alivuta ukili, akanitazama kwa upole uliozidi kunikasirisha.

"Nimwambie nani kwamba hayupo?" alisema. "Nianze na mlango gani?"

Nilimwambia tu akizaa anitumie mtu, saa yoyote, nami nitakuja na chupa. Akasema inshallah. Nikaondoka bila kumuaga vizuri, ndivyo nilivyokuwa.

Siku yenyewe nilikuwa Kawangware, kwa yule mzee wa majani ya tembo. Mtamba wake alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza na ndama alikuwa amekaa vibaya, kichwa kimegeukia nyuma. Mkono wangu ulikuwa ndani hadi begani, nikitafuta taya la ndama kwa ncha za vidole, shati nimelivua, mzee akiomba kwa sauti juu ya kichwa changu. Hapo lango likasukumwa na akaingia shemeji wa habuba. Alikuja kwa baiskeli kutoka Kibera, ametota jasho na matope, na hakuwa na kisu.

"Daktari, imelala tena," alisema. "Shingo imegeuka vile vile. Habuba amesema nikuite wewe. Twende, tafadhali. Twende saa hii."

Nilimtazama mtu huyo aliyesubiri miaka yote ile, na sasa ndiye aliyeniomba niwahi. Ningempa chupa, lakini ni chupa ileile isiyotaka haraka, inayotaka sikio kifuani. Na nikitoa mkono, mtamba wa watu atakufa na ndama wake tumboni. Nilimwambia asubiri. Sijui kusubiri kule kulichukua muda gani. Nakumbuka kiza chenye joto mkononi mwangu, na kilima cha ubavu kikipanda na kushuka, na shemeji ameegemea ukuta wa zizi, amefumba macho. Mwishowe kichwa kikaja, miguu ikaja, ndama akateleza hadi kwenye majani akipiga chafya. Mzee akalia "Haleluya" na mkewe akatoka na birika.

Niliondoka bila chai. Mzee hakunisemesha kwa miezi.

Tulipanda pikipiki wawili, baiskeli tukaiacha, tukapita msituni kwa kasi ambayo ningemfokea mtu mwingine kwa kuiendesha. Njiani shemeji alikuwa anasema mgongoni kwangu, labda kwangu, labda kwake mwenyewe: "Mimi sijawahi kuombea hiyo ng'ombe mabaya. Hata siku moja." Nilimjibu kwamba najua. Nilikuwa najua kweli.

Kwenye kona ya njia nilianza kuona watu wanatoka na nyama. Wengine walibeba kwenye karatasi, wengine kwenye vile vibakuli vya plastiki. Nilizima pikipiki nikaingia kwa miguu. Uwanja ulikuwa umejaa. Ngozi nyeusi yenye mabaka ilikuwa imetandazwa juani, na karibu na ukuta mwana wa ng'ombe, dume dogo lenye miguu mirefu, alikuwa amesimama analamba udongo. Fundi wa kuchinja alikuwa anaosha mikono. Habuba mwenyewe ndiye aliyemtuma mtu amlete, moyo wa ng'ombe ulipoanza kusikika kwa taabu. Hakutaka kumpoteza bure.

Shemeji alikaa chini pale pale langoni akajifunika uso kwa kofia yake. Vyumba vilikuja kujengwa baadaye, si mwaka ule, na aliyevijenga alikuwa mwanawe, maana yeye hakutaka hata kushika kamba ya kupimia. Ndama nilimpeleka kwa yule mzee wa Kawangware, akampokea bila kunisemesha, akalelewa kwa ndoo pamoja na yule aliyezaliwa kwake siku ile. Kibera nikabaki na mbuzi na kuku, kisha ofisi ikanihamisha. Lakini siku ile nilisimama mbele ya habuba na chupa yangu mkononi, na hasira zilinipanda mpaka masikioni.

"Ulimkamua," nilisema.

"Nilimkamua."

"Mpaka mwisho."

"Milango ilikuwa mingi, daktari." Alifuta mikono kwenye kanga. "Nilijua ataanguka. Nikasema, daktari atakuja na chupa yake, atamwinua kama siku ile. Wewe ndiye niliyekutegemea."

Machozi yalinitoka mbele ya wale wanawake wote, mtu mzima mwenye matope na damu hadi begani, na sikuyafuta. Habuba aliingia ndani. Alirudi na kibakuli cha udongo kilichofunikwa kwa ile kawa mpya, akanipa kwa mikono miwili.

"Usilie," alisema. "Hakuna nyumba iliyorukwa. Hii ni yako. Nilipoanza kukamua, nilianza na yako."

Nikafunua. Ilikuwa ya manjano, imeganda vizuri, yenye iliki nyingi. Nikaila yote nikiwa nimesimama pale pale, na yeye akasubiri kibakuli.